Programu huria si shamba la bibi

Hapa Mtwara mjini, ukizungumzia programu huria na vijana wanaojifunza kompyuta, utasikia: "Hiyo haina mwenyewe, kila mtu anaichezea anavyotaka." Sivyo. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa wote; lakini msimbo kuwa wazi hakufuti hakimiliki. Leseni ndiyo inayotoa ruhusa, tena kwa masharti.

Chukua NetHack, gemu ya kushuka mapangoni iliyotoka 1987. Nakili, badili upendavyo. Lakini ukisambaza toleo lako, msimbo wake nao lazima upatikane. Toleo rasmi hutolewa na kikundi kidogo kisichopenda kelele: kati ya 3.4.3 ya 2003 na 3.6.0 ya 2015, kimya. Mkorosho uliopandwa siku ile ungeshazaa misimu kadhaa.

Python, lugha ya kuandikia programu ya 1991, ina leseni legevu zaidi: waweza kuitia kwenye programu ya biashara na kuuficha msimbo wako, mradi ubakize tangazo la hakimiliki la Python. Ila kuibadili lugha yenyewe ni shughuli nyingine. Pendekezo kubwa huandikwa, likajadiliwa hadharani. Hadi 2018 neno la mwisho lilikuwa la mwanzilishi, Guido van Rossum. Tangu 2019 ni la baraza la watu 5 wanaochaguliwa.