Kuendesha baiskeli ukingoni mwa Danube baada ya miaka 60: dhana potofu na ukweli wake

Meli nyingi za watalii katika mto Danube hubeba baiskeli kwenye sitaha ya juu. Meli ikifunga gati, baiskeli hushushwa, na abiria wanaotaka huondoka na mwongozaji kwa saa mbili hadi nne. Wengi wa abiria hao ni wastaafu. Mzazi aliyealikwa Ulaya na wanawe, akisikia kwamba safari ina siku ya baiskeli, mara nyingi hukataa papo hapo. Sababu anazotoa huwa si zile zinazostahili kumtia wasiwasi, na zile zinazostahili hazitaji kabisa.

Hapa tutatumia kipande kimoja kinachopendwa sana: Melk hadi Dürnstein, katika bonde la Wachau nchini Austria, ambalo UNESCO ililiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Ni kama kilomita 30. Kwa mwendo wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa, ni saa mbili na kidogo za kukanyaga pedeli, ukiacha mapumziko.

Dhana: "Nina miaka 70, milima ya Ulaya nitaiwezea wapi?"

Milima ipo, ila njia haiipandi. Inafuata maji, na vipandio vyake vichache vifupi viko pale inapokatiza vijiji na mashamba ya mizabibu upande wa kaskazini wa mto. Anayetaka utulivu zaidi hupita upande wa kusini.

Mlima haumwangushi mzee. Kinachomwangusha ni kusimama. Baiskeli ikiwa na mwendo magurudumu huishikilia yenyewe, lakini ikishuka chini ya mwendo wa mtu anayetembea, mizani yote inahamia mwilini, na nyonga na vifundo vya miguu vyenye umri huchelewa kujibu. Ndiyo maana watu huanguka wakiwa wamefika, wakiwa wanapanda kiti, au wakigeuka kumwangalia aliye nyuma.

Kusimama kuna utaratibu wake. Bana breki zote mbili taratibu. Pedeli moja iwe chini kabisa na mguu wako uwe juu yake. Baiskeli inapokaribia kutulia, teleza mbele utoke kwenye kiti, usimame juu ya pedeli hiyo, kisha shusha mguu wa pili ardhini. Kosa la kawaida ni kubaki umekaa huku ukiitafuta ardhi kwa ncha ya kidole. Kuondoka ni kinyume chake: simama mbele ya kiti, bana breki, inua pedeli moja hadi mbele kidogo ya kilele, kama mshale unaoelekea namba 2 kwenye uso wa saa, achia breki, ikanyage pedeli hiyo, ndipo ukae. Fanya hivyo mara tano pale pale gatini, kisha zunguka kushoto na kulia kwenye eneo la wazi. Dakika kumi zinatosha. Mwongozaji mzuri hudai mazoezi hayo kabla ya kuondoka. Asipodai, mwombe wewe.

Chagua pia fremu iliyo wazi katikati, ile ambayo kwetu huitwa baiskeli ya kike. Wanaume wengi wa makamo huikataa kwa kuona haya. Wasione haya: kurusha mguu juu ya keria wakati nyonga imekakamaa ni njia ya haraka ya kwenda chini, na wanaume wa Austria, Ujerumani na Uholanzi huziendesha hizo hizo bila mtu kugeuza shingo.

Dhana: "Kiti kikiwa chini kabisa ndiyo usalama"

Kiti cha chini sana huyakunja magoti kupita kiasi, na kufikia kilomita ya kumi yanauma. Kipimo ni rahisi: ukikaa, kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukikanyaga sasa kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti linabaki limekunjika kidogo. Asiyejiamini apunguze sentimita mbili kwa nusu saa ya kwanza, kisha apandishe.

Dhana: "Baiskeli ya umeme ni pikipiki, unakaa tu inakwenda"

Katika Umoja wa Ulaya, baiskeli ya umeme ya kawaida ina mota isiyozidi wati 250 kwa nguvu yake endelevu, na msaada hukatika ukifika kilomita 25 kwa saa. Usipokanyaga, haikusaidii. Nyingine zina kitufe cha kuisukuma unapotembea kando yake, kwa mwendo wa hadi kilomita 6 kwa saa. Betri zake nyingi ni za wati-saa 400 au zaidi (wati-saa ni kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi), kwa hiyo kilomita 30 za tambarare haziimalizi.

Ni chombo kizuri sana kwa mtu mzima, lakini kina tabia zake. Ya kwanza ni uzito: kilo 25 hivi, dhidi ya 15 hadi 18 za baiskeli ya kawaida ya mjini. Ikianza kulala upande ukiwa umesimama, usijaribu kuizuia. Ikishapita pembe fulani mkono hauiwezi, na anayeng'ang'ana nayo huumia kifundo cha mkono au hufuatana nayo chini. Iachie, piga hatua pembeni.

Ya pili ni kuruka. Mwenye kusubiri kwenye makutano huku mguu mmoja umeegemea pedeli hushtukia baiskeli ikichomoka, kwa sababu mota husoma shinikizo la unyayo kama amri ya kwenda. Ukisimama, bana breki muda wote. Anza safari kwa kiwango cha chini kabisa cha msaada na ukiongeze kwenye kipandio tu. Kuna pia mota ambazo hazipimi nguvu ya mguu bali mzunguko wa pedeli. Hizo huendelea kusukuma kidogo hata baada ya wewe kuacha kukanyaga, na katika kijiji chenye watembea kwa miguu kidogo hicho ni kingi. Muulize mwongozaji yenu ni ya aina gani, au ijaribu gatini.

Ya tatu ni gia. Kama ni ile ya cheni kuhama kutoka meno haya kwenda yale, haibadiliki ukiwa umesimama. Ukisimama na gia nzito, utaondoka na gia nzito, ukiyumba. Punguza gia kabla ya kusimama. Gia zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma zenyewe hubadilika hata ukiwa umetulia, na kwa wazee ndizo bora.

Dhana: "Baiskeli ni baiskeli, niliyoijua utotoni ndiyo hii"

Mwili unaikumbuka ya utotoni, na tatizo linaanzia hapo. Baiskeli nyingi za Kenya, Tanzania na Uganda zimefuata mpangilio wa Kiingereza: breki ya mbele iko mkono wa kulia. Kwa kawaida katika Ulaya bara breki ya mbele iko mkono wa kushoto. Anayebana kwa nguvu ile aliyoizoea kuwa ya nyuma hulishika gurudumu la mbele ghafla. Kabla ya kupanda, tembea na baiskeli na ubane breki moja moja uone ipi ni ipi. Tena baadhi ya baiskeli za Austria, Ujerumani na Uholanzi zina breki ndani ya kitovu cha nyuma: ukikanyaga kinyumenyume inafunga. Aliyezoea kurudisha pedeli nyuma ili aiweke sawa kabla ya kuondoka hukuta haziendi. Asukume baiskeli mbele kidogo ili pedeli ijipange.

Halafu kuna upande wa barabara. Aliyekulia Mombasa, Tanga au Kampala amezoea kushoto, na Austria ni kulia. Wa Bujumbura, Kigali au Lubumbashi hana la kujifunza hapo. Ukiwa ndani ya kundi hukosei, kwa kuwa unamfuata aliye mbele. Makosa hutokea baada ya mapumziko, pale mtu anapotoka peke yake mlangoni mwa mgahawa na kushika upande wa nyumbani.

Dhana: "Njia ya mtoni ni mteremko mtupu"

Passau, mji wa Ujerumani mpakani na Austria, iko kama mita 300 juu ya usawa wa bahari na Vienna kama 160, na kati yake ni zaidi ya kilomita 300. Huo ni mteremko wa chini ya nusu mita kwa kila kilomita, ambao miguu haiwezi kuuhisi. Kinachohisiwa ni upepo. Ule wa magharibi ndio wa kawaida, na ni sababu mojawapo wengi huendesha kutoka Passau kwenda Vienna na si kinyume chake. Siku upepo ukitoka mashariki, tambarare hiyo hiyo inakuwa kazi, na hapo ndipo msaada wa umeme unaonyesha thamani yake.

Njia yenyewe kwa sehemu kubwa ni ya lami. Hatari zake ni ndogo ndogo: nguzo fupi zilizosimikwa katikati ili magari yasiingie, ambazo aliye nyuma hazioni kwa kuwa mwenzake amezikinga, na mawe yaliyopangwa kwenye vichochoro vya Dürnstein, ambapo ushuke utembee. Ukifika Vienna ziko reli za tramu. Zikate karibu na pembe mraba, kwani gurudumu likiingia kwenye mfereji wa reli halitoki bila kukumwaga.

Dhana: "Natumia dawa za presha, basi baiskeli si yangu"

Dawa peke yake haimzuii mtu. Daktari wako ndiye wa kuamua, na umwambie mambo hasa: kilomita 30, tambarare, saa tatu, mapumziko matatu. Ukisema "utalii wa baiskeli" tu, hana cha kupima. Wanaotumia dawa zinazopunguza kasi ya mapigo ya moyo wasitegemee saa ya mkononi inayosoma mapigo, maana namba itabaki chini hata wakiwa wamechoka. Kipimo chao ni mazungumzo: ukishindwa kumaliza sentensi nzima bila kukatisha pumzi, punguza mwendo.

Wenye kisukari wanaotumia insulini wabebe kitu chenye sukari mfukoni, si kwenye mkoba ulio kwenye keria. Maji ni kama nusu lita kwa saa, na zaidi katika joto la Julai na Agosti, isipokuwa daktari amekuwekea kikomo. Asubuhi za Aprili hufika nyuzi chache juu ya sifuri, na vidole vilivyoganda havibani breki. Chukua glavu.

Sheria ya Austria haimlazimishi mtu mzima kuvaa helmeti. Anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi aivae bila mjadala, na akijigonga kichwa aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama anajisikia mzima, kwa sababu damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu kwa saa nyingi bila dalili. Ivae bapa, vidole viwili juu ya nyusi. Chini ya kidevu ukanda uache nafasi ya kidole kimoja.

Dhana: "Glasi mbili za mvinyo wa Wachau hazina neno, ni baiskeli tu"

Baiskeli ina kikomo chake cha kilevi kisheria: Austria ni sehemu 0.8 za kilevi kwa kila sehemu elfu za damu, Uholanzi 0.5. Ujerumani ni 1.6, lakini ukiendesha ovyo au ukisababisha ajali unaweza kushtakiwa kuanzia 0.3. Kwa mzee anayetumia dawa za presha kuna zaidi ya sheria. Pombe na jua huishusha presha pamoja, na kizunguzungu humpata wakati anainuka kurudi kwenye baiskeli. Mvinyo unywewe mwisho wa safari.

Dhana: "Nitaachwa nyuma"

Kundi lililopangwa vizuri lina mtu mbele na mtu nyuma, na wa nyuma hampiti yeyote. Hata hivyo, anayejijua ana mwendo wa polepole asikae mwisho. Mwendo wa kundi huvutika kama mpira: wa mbele akiongeza kidogo, wa mwisho hulazimika kukimbiza. Kaa wa pili, nyuma ya mwongozaji, na mwendo wenu wote utafuata wa kwako. Acha nafasi ya baiskeli mbili hadi tatu kati yako na aliye mbele, na gurudumu lako la mbele lisiwahi kulalia upande wa gurudumu lake la nyuma, kwa sababu akihama hata kidogo wewe ndiye unayeanguka. Ukitaka kupiga picha, paza sauti "Nasimama!", toka pembeni, ndipo ufunge breki.

Dhana: "Nitakuja na baiskeli yangu ya umeme"

Mashirika ya ndege hayachukui abiria na betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na ya baiskeli huzidi mara mbili au tatu. Beba kiti chako ulichokizoea. Hicho kinaingia sandukuni.

Dhana: "Meli itasubiri"

Kwenye matembezi ya Wachau mara nyingi meli haisubiri hata Melk. Inateremka huku nyinyi mnaendesha, inafika Dürnstein, au Krems, mji unaofuata, kabla yenu, na mwongozaji anawasiliana nayo kwa simu. Ukiwa kwenye kundi lake huna shaka. Ukichukua baiskeli kwenda peke yako, muda ni mzigo wako, maana meli ina ratiba ya gati na ya milango ya maji, ile inayoipandisha na kuishusha mtoni. Kumbuka pia kwamba kati ya Melk na Krems hakuna daraja. Kuna vivuko vidogo vya Spitz, Weißenkirchen na Dürnstein, navyo havifanyi kazi usiku.

Kabla ya kuondoka andika namba ya simu ya meli kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake. Namba ya dharura kote katika Umoja wa Ulaya ni 112. Ukiulizwa uko wapi, tazama vibao vya ukingoni vyenye namba za kilomita za mto, ukitaje kilicho karibu nawe. Danube huhesabiwa kuanzia mdomoni kwenda juu: Melk iko karibu na 2036, Dürnstein karibu na 2009. Namba zikipungua, uko njia sahihi. Zikiongezeka, unarudi Melk.