Kubana injini za nitro: kanuni inapima nini

Katika mbio za magari madogo ya rimoti yanayotumia nitro (mafuta ya methanoli yaliyochanganywa nitromethane na mafuta ya kulainisha), kubana injini ni kuiwekea mpaka wa nguvu kwa kutumia kitu kinachopimika: cc (sentimita za ujazo) za silinda, tundu la hewa la kabureta, ujazo wa tangi, kiasi cha nitromethane na bomba la ekzosi. Nguvu yenyewe haipimwi uwanjani. Hupimwa njia za hewa na mafuta, kwa kuwa injini haichomi kisichoingia.

Mpaka wa cc ndio unaojulikana zaidi. Bagi (magari ya njia ya vumbi) za kipimo cha 1/8, yaani sehemu ya nane ya gari halisi, hukimbia na injini isiyozidi cc 3.5, yenye silinda moja, ya tu-stroki (inayowaka kila mzunguko). Hesabu yake ni kipenyo cha silinda mara kipenyo, mara 0.7854, mara mwendo wa pistoni, kisha ugawanye kwa 1,000. Silinda ya mm 16.27 yenye mwendo wa mm 16.8 inatoa cc 3.49, kwa hiyo inapita. Lakini cc pekee hazisawazishi chochote. Injini mbili za cc 3.49, moja ya bei nafuu ya wanaoanza na nyingine iliyochongwa njia zake za hewa kwa ustadi, zinaweza kuachana sana, na ile kali huzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika.

Hapo ndipo restrikta inapohitajika. Ni pete ya plastiki au alumini inayopachikwa kwenye mdomo wa kabureta ili kupunguza tundu. Tofauti ya milimita chache ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu hewa hupita kwa eneo: tundu la mm 9 lina eneo la takriban mm² 63.6, la mm 7 lina 38.5, na la mm 6.5 lina 33.2, yaani karibu nusu ya lile la kwanza. Kinachopotea zaidi ni kasi ya juu kwenye mnyoosho. Injini ikizunguka polepole, gari huweza hata kuitikia vizuri zaidi, maana hewa hupita kwa kasi kwenye tundu dogo na kuvuta mafuta barabara. Kwa dereva anayeanza, hiyo ni faida tupu.

Klabu ya Nairobi isinakili namba za ng'ambo bila kufikiri. Jiji liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya sita. Tundu la mm 7 hapa huingiza uzito wa hewa unaokaribia wa tundu la mm 6.4 kule Mombasa, kwa hiyo injini imeshabanwa kabla ya pete kuwekwa. Hatari kubwa ni ya anayeteremka pwani: sindano ya mafuta (skrubu ya kabureta inayopima mafuta) iliyokazwa kufuata hewa ya Nairobi itaipa injini mafuta machache mno kule. Kichwa hupanda joto kupita nyuzi 120, na pistoni hukwaruzika. Fungua sindano ya kasi kidogo kidogo, sehemu ya nane ya mzunguko kila mara, hadi moshi uonekane vizuri.

Ukaguzi wa restrikta hauhitaji mashine. Fundi wa kukereza vyuma, Kariobangi Light Industries kwa mfano, anaweza kutengeneza pini mbili: ya mm 6.95 ipite, ya mm 7.05 igome. Pima palipo pembamba kabisa, siyo mdomoni. Kisha, injini ikiwa inanguruma taratibu, ziba tundu la kabureta. Inapaswa kuzima mara moja. Ikiendelea, hewa inapita kwingine: oringi ya mpira kwenye shingo ya kabureta imechoka, pete haijakaa sawa, au kuna mtu ametoboa njia ya pembeni. Hewa hiyo ya wizi pia ndiyo hufanya mizunguko ya injini ipande na kushuka bila dereva kugusa rimoti.

Tangi la bagi ya 1/8 lina mpaka wa cc 125, pamoja na mpira na chujio hadi kwenye kabureta. Limwage lote, kisha jaza kwa sirinji na uhesabu. Plastiki hutanuka kwa joto, kwa hiyo tangi lililopita asubuhi laweza kuzidi baada ya mbio. Acha nafasi ya cc moja au mbili, kwa kutumbukiza kipande cha plastiki kisichoyeyuka kwenye mafuta.

Kuhusu nitro, EFRA, shirikisho la Ulaya la mbio za magari ya rimoti, imeweka mpaka wa asilimia 16. Nitromethane ina uzito wa gramu 1.137 kwa cc na methanoli 0.792, kwa hiyo haidromita (kifaa cha kupima uzito wa kimiminika) huonyesha mchanganyiko ulioongezwa nitro. Ila mafuta ya kulainisha nayo ni mazito kuliko methanoli. Linganisha na sampuli ya aina ileile, kwa joto lilelile.

Kama klabu ina uwezo wa kusimamia kanuni mbili tu, ichague tundu na tangi. Kulazimisha modeli moja ya injini huwatoa wenye injini nyingine, na kukagua njia za ndani humaanisha kufungua injini ya mtu, ambayo haifungwi tena vilevile.