Mfungwa akisomea ushauri, akitoka anarudia kosa au harudii? Tutajuaje?

Hili swali naulizwa sana na watu wanalijibu haraka mno. Kule Uingereza kuna shirika linaitwa St Giles Trust, limewafundisha wafungwa kuwa washauri rika, yaani mfungwa anasomea ushauri hadi apate cheti cha NVQ ngazi ya 3 (cheti cha ujuzi wa kazi cha huko), cheti kile kile anachopata mtu wa uraiani, na mazoezi anafanyia humo humo gerezani kwa wenzake. Mwenzake kabakiza wiki tatu atoke na hana pa kulala, basi wanakaa na fomu ya kuomba nyumba, huyu anauliza yule anajibu, na anajibu ukweli maana anayemuuliza naye atafungiwa mlango jioni hiyo hiyo.

Sasa inapunguza kurudia makosa? Watu wanachukua waliosoma, wanahesabu waliorudia makosa, wanalinganisha na wafungwa wote, wakiona namba ndogo wanashangilia. Hapo ndo tunapokosea jamani. Anayejiandikisha ni nani? Mara nyingi ni yule aliyeshachoka na jela, anajua kusoma, ana nidhamu, huyo hata bila kozi pengine asingerudi. Na gereza nalo linachagua, mkorofi hapewi ruhusa ya kuzunguka kwenye selo za watu.

Ndo maana mwaka 2013 Wizara ya Sheria ya huko ikaanzisha huduma ya takwimu inaitwa Justice Data Lab. Shirika linapeleka taarifa za watu wake, wizara inawatafuta kwenye rekodi za polisi, halafu inatafuta wafungwa wengine wanaofanana nao kwa umri, jinsia, aina ya kosa, wameshahukumiwa mara ngapi, ila hawakupitia mafunzo. Makundi yote mawili yanafuatiliwa mwaka mmoja, inaongezwa miezi 6 kusubiri kesi za makosa ya mwaka huo ziishe.

Tuchukulie mfano wangu tu: waliosoma 100 wamerudia 30, wanaofanana nao 100 wamerudia 36. Tofauti ya watu 6 inafurahisha, lakini kwa idadi hiyo inaweza kuja kwa bahati tu. Wangekuwa 1,000 kwa 1,000 na tofauti ikabaki asilimia 6, hapo namba inasimama. Kwa hiyo ripoti ikisema matokeo hayajathibitika usisome kwamba mafunzo yamefeli, maana yake watu ni wachache mno kusema lolote, na programu nzuri zimewahi kunyimwa hela kwa kusomwa vibaya hivi, inaniuma sana.

Bado kuna kitu rekodi ya polisi haikionyeshi: nia ya mtu. Ndo maana mnaoendesha kozi hizi nawaomba, msitupe majina ya walioomba wakakosa nafasi. Daftari moja linatosha, jina, tarehe aliyoomba, sababu ya kukosa. Hao nikiwapata ndo naweza kulinganisha mwenye nia aliyesoma na mwenye nia aliyekosa.