"Nimeishaifomati, fundi"

Wiki hii peke yake nimelisikia neno hilo mara nne. Mtu anaingia, anaweka mezani mashini, yaani kompyuta anayotaka kuuza, na kabla sijauliza kitu anasema: "Usihangaike nayo, fundi, nimeishaifomati." Kwake maana yake kila kilichokuwa ndani kimefutwa. Analisema kama mama anayekuambia mchele umeishachambuliwa mawe, nami najua jino litakalovunjika ni langu.

Wa nne alikuwa papa mmoja, mzee wa Katuba hapa Lubumbashi. Alitaka nimsafishie HP yake, yenye disiki ya kuzunguka ya GB 500, amuuzie mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu, kwa dola 150. Nikamwuliza: "Papa, unaniruhusu nikuonyeshe kitu?" Akacheka. "Onyesha, mutoto." Nikachomeka flashi yenye PhotoRec, programu ya bure ya kufufua mafaili yaliyofutwa, ambayo mtoto wa sekondari anaweza kuipakua leo jioni. Tukangoja kama dakika kumi. Folda ikaanza kujaa mafaili yenye majina ya namba tupu, f0482176.jpg na ndugu zake, maana majina yenyewe ndiyo yaliyopotea. Yaliyomo yalikuwepo. La kwanza kufungua ilikuwa kadi yake ya mpiga kura, mbele na nyuma. La pili, karatasi ya mshahara. La tatu, mtoto mwenye gauni jeupe mlangoni mwa kanisa, mshumaa mkononi. Papa akavua miwani.

Sasa tuelewane. Ukifuta faili, au ukifomati haraka haraka, unachochana ni daftari la wapangaji. Wapangaji wenyewe bado wamelala lupangoni, ndani ya nyumba. Kompyuta inaangalia daftari, inakuta ni jeupe, inasema nyumba ni tupu. PhotoRec haina haja na daftari: inapita mlango kwa mlango. Picha ya JPEG huanza na baiti zilezile kila mara, FF D8 FF, na programu ikizikuta tu inajua hapa kuna mtu. Mpangaji wa zamani anatoka pale tu mpangaji mpya anapoingia chumba kilekile, yaani pale data nyingine inapoandikwa juu yake.

"Lakini fundi, Windows imesema formatage imekwisha." Imekwisha, ndiyo. Kile kisanduku cha "formatage rapide", fomati ya haraka, huja kimewekewa alama tayari, na hakuna anayekigusa. Ukiiondoa alama hiyo, ni habari nyingine: tangu Windows Vista, formatage kamili huandika sufuri disiki nzima. Kwenye XP ilikuwa inapima tu kama kuna sehemu mbovu, kwa hiyo wazee waliojifunza zamani kwamba hata formatage kamili haifuti hawakukosea, ila wamebaki huko. Na kuweka Windows mpya juu ya ya zamani kunafunika gigabaiti kadhaa kati ya 500. Zilizobaki zote zinakusubiri.

Halafu wapo wa upande wa pili, na hao wananichosha zaidi: wale waliosoma kwamba lazima uandike juu ya disiki nzima mara 35. Namba hiyo ilitoka kwa mtafiti Peter Gutmann mwaka 1996. Alikuwa anashughulikia aina nyingi za disiki za wakati ule, kila moja na mipito yake, na baadaye yeye mwenyewe akasema kuzipitisha zote 35 kwenye disiki za kisasa hakuna maana. Mwongozo wa 2014 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulisema kwa disiki ya kuzunguka, kuandika juu mara moja kwa kawaida kunatosha. Mimi natumia shred, programu ya kuandika juu ya data, kutoka flashi ya Linux. Yenyewe hupita mara tatu. Mimi naiambia mara moja, na sufuri. GB 500 zinakula saa moja na nusu au zaidi, kama umeme upo. Anayetaka mara 35 hapa Lubumbashi aje na jenereta yake.

Mpaka hapo nina uhakika. Kwenye SSD, zile disiki mpya zisizozunguka, uhakika wangu unapungua.

SSD haiandiki pale unapoiambia iandike. Ina akili yake: inagawa kazi ili chembe zake zisichakae upande mmoja, na ina akiba ya nafasi ambayo Windows haiioni kabisa. Ukiandika sufuri "juu" ya faili, yenyewe inaweka sufuri chumba kingine na kukwambia tayari. Kwa hiyo shred, na cipher /w ya Windows inayofanya kazi kama hiyo kwenye nafasi tupu, ninazozisifu kwenye disiki ya zamani, hapa zinachosha SSD bila kukuhakikishia kitu. Njia inayofaa ni kuiamuru disiki ijifute yenyewe, kwa amri ya Secure Erase au Sanitize. Mashini nyingi za ofisi zinayo ndani ya BIOS, ile menyu ya kabla ya Windows kuwaka. Ni kazi ya sekunde au dakika.

Je, inafuta kweli? Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walizifungua SSD na kusoma chembe zenyewe. Wakakuta nyingine zimetekeleza amri vibaya, na moja ikaripoti kwamba imefuta huku data yote iko palepale. Za leo naziamini zaidi, lakini mimi sina kifaa cha kusomea chembe. Ninachokiona ni kile disiki inachokubali kunionyesha. Kuna siku nilitaka kumshangaza mteja kwa PhotoRec kwenye SSD yake, nikapata patupu kabisa, maana TRIM, amri inayoiambia SSD isafishe vyumba vya mafaili yaliyofutwa, ilikuwa imeishafagia. Akaondoka anajua kwamba mafundi wanatisha watu ili wale makuta yao. Sikuwa na jibu fupi la kumpa.

Kwa hiyo kwenye SSD nafanya mambo mawili. Kwanza naifunga yote kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayofanya data isisomeke bila ufunguo, halafu ndiyo natoa amri ya kufuta. Ufunguo ukipotea, karibu chote kilichobaki ni uji. Ila BitLocker itakuuliza: ifunge nafasi inayotumika tu, au disiki nzima? Mafundi wote wavivu, nami nimewahi kuwa mmoja wao, wanachagua ya kwanza kwa sababu ni ya haraka. Kwa mashini iliyotumika hilo ni kosa, kwani unachokificha wewe ni kile kilichofutwa zamani, na hicho kiko kwenye nafasi "isiyotumika". Chagua disiki nzima. Na kama una siri za kukulaza macho, toa SSD, uza mashini bila disiki, punguza bei.

Mengine ni mafupi. Mac, toka kwanza kwenye iCloud, akaunti yako ya Apple. Zenye chipu ya ulinzi ya T2, nyingi za kuanzia 2018, mnunuzi anaweza kufungiwa nje usipofanya hivyo. Mashini zilizotoka kwenye kampuni za migodi, ziwashe zikiwa na intaneti mbele ya muuzaji: ikiomba barua pepe ya kampuni, aliyeisajili ndiye wa kuiondoa, na hakuna formatage itakayokusaidia, hata ukinililia. Betri, andika powercfg /batteryreport, mwonyeshe mnunuzi namba. Windows 10 haina tena msaada wa kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na wanunuzi wanalijua hilo. Kiangazi hiki nimetoa ndani ya feni moja udongo mwekundu wa kujaza kijiko. Pulizia nje, si ndani ya duka la mtu.

Papa alirudi kesho yake saa nne asubuhi. Nikajua amekuja kuchukua mashini, nikaanza kujitetea kwamba shred haijaanza, umeme ulikatika tangu jioni. Akanikatiza. Alikuwa ameshika flashi mpya, bado iko ndani ya karatasi yake. Ile picha ya mtoto wa mshumaa, aliuliza, na nyingine za siku ile kama zipo, naweza kumwekea humo? Hakuwa nazo mahali pengine popote.