Amplifaya ndogo inaunguza sabufa, ila si kwa sababu mnayodhani

“Haiwezi kuwa imeungua, fundi. Amplifaya yangu ni ndogo.” Nimechoka kuyajibu maneno haya ya wateja wanaoniletea sabufa (spika za besi) za gari, huku spika inanuka vanishi iliyoungua, kwa hiyo nayaandika.

Vipimo kwanza, haraka. Chomoa waya za sabufa, gusa tamino zake (pale waya zinapoungwa) kwa multimita iliyowekwa kwenye omu. Koili, yaani waya uliozungushwa unaosukuma koni, ikiwa ya omu 4 na ikisoma 3.2 au 3.6 ni nzima: multimita inapima omu kwa DC (umeme wa mwelekeo mmoja), muziki ni AC (umeme unaogeuka mwelekeo). Koili zikiwa mbili, pima kila moja peke yake. Isiposoma kitu, kagua zile nyaya za kusuka zinazotoka kwenye tamino kuingia kwenye koni. Zikiwa zimekatika, risasi kidogo ya kulehemu inatosha. Kisha sukuma koni taratibu, vidole vikigawana pande zote. Ikikwaruza, koili imepinda au imevimba.

Sasa huo udogo. Wati 300 zilizoandikwa kwenye amplifaya ni za wimbi safi. Ukiilazimisha kupita uwezo wake, vichwa vya mawimbi vinakatwa na kuwa bapa, na wimbi bapa la kimo kilekile linaweza kufikisha nguvu maradufu. Koili ya wati 400 basi inaweza kupokea karibu 600, mfululizo.

Kinachoniudhi zaidi ni mafundi wenzangu wanaosema amplifaya ndogo huua spika kwa kuinyima nguvu. Kama ni hivyo, kila anayesikiliza kwa sauti ya chini angekuwa na spika mbovu! Wengine wanadai wimbi lililokatwa limegeuka DC. Si kweli, bado linapita sifuri kila mzunguko. Kinachoua koili ni wastani wa nguvu inayogeuka joto. Ndiyo maana amplifaya ya wati 50, hata ikatwe vichwa namna gani, haitaunguza koili nzima ya wati 500. Piga hesabu kabla ya kulaumu.

Joto nalo lina hila yake. Shaba ikipanda nyuzi 100 za Selsiasi, ukinzani wake huongezeka karibu asilimia 40, hivyo sabufa hupokea nguvu kidogo na sauti hushuka. Mwenye gari anasikia besi imelegea, naye anaongeza sauti. Hapo koili iliyokuwa inaomba kupumzika ndiyo inamaliziwa.

Na gaini, ile skrubu au kitufe cha kuzungusha kilicho kwenye amplifaya, si kitufe cha sauti, jamani. Ipo ili amplifaya ilingane na redio. Kwa wati 300 kwenye omu 4, chomoa sabufa, cheza toni ya hezi 50, pandisha gaini hadi multimita, ikiwa kwenye volti za AC na imegusa tamino za amplifaya, isome volti 34.6, kisha uiache hapo. Ukija kuongeza besi kwa desibeli 6 baadaye, unadai nguvu mara nne, na kipimo chako hakina maana tena.

Kuna hali moja inayonisumbua hadi leo: koili iliyobadilika rangi kuwa kahawia lakini inasoma vizuri na haikwaruzi. Gundi yake imeshapikwa kiasi fulani, na hakuna kipimo nilicho nacho kinachoniambia itadumu wiki au miaka. Naieleza hivyo kwa mwenyewe, nashusha gaini, na uamuzi wa kubadilisha koni na koili namwachia yeye.