Namba za kitabu cha logi zimetoka wapi?

Mwanafunzi wa kidato cha pili hupewa kitabu cha tarakimu nne na kuambiwa: tafuta logi (kipeo cha kumi kinachotoa namba yako), jumlisha, kisha nenda kwenye antilogi, yaani rudi kutoka logi hadi namba. Akifika kidato cha tano anaambiwa intigrali (eneo lililo chini ya grafu) ya 1/x ni ln x, yaani logi asilia, kariri hivyo hivyo. Mimi nafundisha hesabu vidato vyote viwili, na kwangu hiyo ni mada moja iliyokatwa katikati.

Tuanze na kitabu. Zidisha 34.56 kwa 0.0782. Kwenye mstari wa 34, chini ya 5, unakuta 5378. Safu ndogo za kulia, chini ya 6, zinakupa 8 ya kuongeza. Hizo ni desimali; mbele yake weka 1, kwa kuwa 34.56 iko kati ya 10 na 100. Basi logi ya 34.56 ni 1.5386. Ya 0.0782 ni ba mbili nukta 8932, na hapa ndipo darasa zima hupotea. Ile ba imekaa juu ya 2 peke yake: ni hasi mbili *kujumlisha* 0.8932, wala si hasi 2.8932. Sehemu ya desimali daima ni chanya. Ukijumlisha logi zote mbili unapata 0.4318, na antilogi yake ni 2.703. Kalkuleta inasema 2.702592.

Ukitaka kipeuo cha tatu cha 0.0782, usigawe ba mbili kwa tatu kichwakichwa. Iandike kama hasi 3 kujumlisha 1.8932, ndipo ugawe: ba moja nukta 6311. Jibu ni takriban 0.428. (Watahiniwa wanaoandika "ba sifuri nukta" hapo, Mungu anawaona.)

Sasa, kwa nini kujumlisha kufanye kazi ya kuzidisha? Chora grafu ya y = 1/x. Chukua eneo lililo chini yake kutoka 1 hadi 2, ulivute upande wa x mara tatu. Kimo nacho kinapungua mara tatu, kama mpira ukivutwa: unarefuka, unakonda. Umepata eneo la kutoka 3 hadi 6, na ukubwa haujabadilika hata chembe. Kwa hiyo eneo la 1 hadi 6 ni eneo la 1 hadi 3 ukiongeza la 1 hadi 2. Eneo la kutoka 1 hadi namba fulani linafuata kanuni ileile ya logi: hiyo ndiyo logi ya 6 ikiwa jumla ya logi ya 3 na logi ya 2. Padri Mjesuiti wa Bruges, Grégoire de Saint-Vincent, alichapisha tabia hii ya maeneo mwaka 1647, na mwaka 1649 Mjesuiti mwenzake, de Sarasa, akaihusisha na logi. Napier, mbunifu wa logi, alikuwa ameshatoa majedwali yake tangu 1614, bila intigrali yoyote, na mwanahesabu Briggs ndiye aliyekwenda Edinburgh mwaka 1615 kumshawishi watumie kumi kama msingi wa logi.

Ndiyo maana kanuni ya intigrali ya kuongeza kipeo moja na kugawa kwa kipeo kipya inakwama kwenye x kipeo hasi 1: utagawa kwa sifuri. Eneo lenyewe lipo, ila jina lake ni ln.

Wape wanafunzi walipime. Kata 1 hadi 2 vipande vinne, tumia trapeza: 0.6970. Ili kutoka ln kwenda logi ya kumi, gawa kwa 2.3026, ambayo ni ln ya 10, upate 0.3027. Kitabu kinasema logi ya 2 ni 0.3010. Jibu letu limepita kwa sababu vilele vya trapeza ni mistari iliyonyooka, na grafu inabonyea chini yake. Kwa kanuni ya Simpson, inayotumia mikunjo badala ya mistari iliyonyooka, vipande vilevile vinne vinatoa 0.6933, yaani 0.3011.

Mwenye jicho kali atauliza mbona kitabuni 0.3010 (logi ya 2) na 0.4771 (logi ya 3) hazifiki 0.7782 ya logi ya 6. Ni ukadiriaji: 0.30103 na 0.47712 zinatoa 0.77815, na ile 5 ya mwisho inapanda.