Alexander alipokufa, majemadari waligombea maiti yake

Mfalme Alexander Mkuu wa Makedonia alifia Babeli mwezi Juni 323 KK, akiwa na umri wa miaka 32. Mkewe Roxana alikuwa mja mzito. Arrhidaeus, ndugu yake kwa baba, alikuwa mtu mzima lakini mwenye udhaifu wa akili. Wapanda farasi wakataka mtoto asubiriwe, askari wa miguu wakamtaka Arrhidaeus, nusura wapigane mjini humo humo. Hatimaye walikubaliana kuwa na wafalme wawili, wote wasioweza kutawala, na jemadari Perdiccas akashika madaraka kwa niaba yao.

Kwa hiyo warithi walikuwapo. Aliyekosekana ni mlezi ambaye wenzake wangemwamini.

Kwa mila ya Makedonia, kumzika mfalme ilikuwa kazi ya mrithi wake, na Perdiccas alitaka maziko yafanyike Makedonia. Mwanahistoria Diodorus anasimulia kwamba jeneza la dhahabu lilisafirishwa kwa gari lililokokotwa na nyumbu 64, wale wazao wa punda na farasi. Msafara ulipofika Shamu mwaka 321 KK, Ptolemy, gavana wa Misri, aliuteka akaipeleka maiti Memphis.

Perdiccas akamfuata na jeshi. Karibu na Memphis aliwaingiza tembo mtoni Nile, upande wa juu, wapunguze kasi ya maji askari wavuke. Waliotangulia walivuka, ila miguu ya tembo na watu ilitibua mchanga, ukachukuliwa na maji, kina kikaongezeka. Zaidi ya askari 2,000 walikufa, wengi wakiliwa na mamba. Maofisa wake mwenyewe wakamuua hemani. Ptolemy aliombwa awe mlezi wa wafalme, akakataa. Naona huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote ya vita vile: alijua cheo hicho kingemletea maadui wote, naye Misri ilimtosha.

Waliolipia ni wale wasio na jeshi. Arrhidaeus aliuawa mwaka 317 KK kwa amri ya Olympias, mama yake Alexander. Mwaka uliofuata Olympias naye akauawa, chini ya mamlaka ya Cassander, jemadari aliyeitwaa Makedonia. Huyo huyo Cassander ndiye aliyeamuru Roxana na mwanawe wauawe kwa siri, yapata mwaka 310 KK, mtoto akikaribia umri wa kutawala. Mwaka 306 KK jemadari Antigonus na mwanawe Demetrius wakajitangaza wafalme, na majemadari wengine, Ptolemy akiwamo, wakafuata.